Mtahini Wake ni Maji: Nilichojifunza kwa Waunda Vyombo wa Unguja

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika skuli moja ya kaskazini Unguja, nilimpa mwanafunzi wangu maksi 4 kati ya 20. Somo lilikuwa Hisabati, mada ni pembe, darasa Kidato cha Pili. Chini ya karatasi yake nikaandika kwa wino mwekundu neno moja tu: "Hujitumi." Nilikuwa na umri wa miaka 21, ndiyo kwanza wiki ya tatu tangu watu waanze kuniita mwalimu, na neno lile niliona limemaliza kila kitu.

Makala hii inaanzia kwenye neno hilo. Lakini itapita kwenye majahazi ya Nungwi, kwa Waviking wa Denmark, kwenye mtepe uliowekwa Beit al-Ajaib, na kwenye kamba aliyokuwa akisokota bibi yangu kule Bwejuu. Wenzangu wa Elimu mnaokwenda kufundisha muhula ujao, naomba mnivumilie mpaka mwisho. Haya hayamo kwenye notsi zetu.

Kijana wa dawati la nyuma

Kijana huyo, ambaye jina lake nalihifadhi, alikuwa mtoro wa aina yake. Watoro wengine hukosa Jumatatu na Ijumaa. Yeye alikosa siku za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kutoka sana. Mie mtoto wa mjini sikulielewa hilo mpaka mwalimu mmoja mwenyeji aliponicheka: "Huyo yuko pwani kwa babu yake. Bamvua ndiyo siku za kupandisha na kushusha vyombo. Kamfuate huko huko."

Basi nikamfuata, tena na hasira zangu. Nungwi watalii wanaijua kwa mchanga mweupe, lakini sisi tunaijua pia kwa kuunda vyombo. Ukitembea pwani unapishana na mahoteli, halafu ghafla unakuta magogo, vibanzi vya mbao, na mifupa ya chombo imesimama juu ya mchanga kama mbavu za samaki mkubwa. Hapo ndipo nilipomkuta. Alikuwa amechuchumaa ndani ya chombo, tezo mkononi. Aliponiona akasimama wima kama yupo mstarini skuli.

"Assalaam alaykum, mzee," nikamwambia babu yake.

"Waalaykum salaam, mwanangu. Karibu. Umekuja kutaka chombo?"

"Nimekuja kutaka mwanafunzi."

Mzee akacheka. "Sawa. Lakini ngoja amalize hilo taruma, kisha umchukue."

Nikakaa juu ya gogo nikangoja. Kungoja kule ndiko kulikonifundisha.

Chombo kinavyoundwa

Kwa wasiojua, nieleze kwa ufupi. Chombo huanza na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba kila kitu. Mbele ya mkuku husimamishwa hanamu, nyuma husimamishwa fashini. Kisha ndiyo zije mbao za ubavuni na mataruma, yaani mbavu za ndani zinazozishika mbao. Baadaye kila mwanya kati ya ubao na ubao huzibwa kwa pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta, na kazi hiyo huitwa kukalafati. Sehemu itakayokaa majini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa ili wadudu wanaotoboa mbao wasipate njia. Vyombo vingine hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, na ukiwa mgeni, harufu yake hutaisahau.

Yote haya hufanywa bila ya ramani. Hakuna karatasi yenye michoro. Fundi akishajua urefu wa mkuku, anajua upana, na akijua upana anajua mlingoti, kwa sababu vipimo vyote vinazaliwa kutokana na kile cha kwanza. Sisi chuoni tunaita uwiano. Yeye haiti kitu, anakifanya tu. Na vipimo vyenyewe ni vya mwili: shubiri 2 ni mkono mmoja, mikono 4 ni pima moja.

Taruma nalo lina mambo yake. Ubavu wa chombo haukunjiki sawa mahali pote. Katikati umetanuka, mbele na nyuma umebana. Kwa hiyo hakuna mataruma mawili jirani yaliyo sawa kabisa, kila moja lina pembe yake. Na fundi hakati taruma kutoka kwenye mbao iliyonyooka kwa sababu litavunjika. Anatafuta tawi au shina ambalo mti wenyewe umelipinda. Kijana wangu alichukua vijiti viwili vilivyounganishwa kwa msumari mmoja, vinavyofunguka na kufunga kama mkasi. Akavibana kwenye kona kati ya mkuku na ubao, akavitoa taratibu bila kuvitikisa, akavilaza juu ya gogo lililopinda, akachora mstari kwa mkaa. Kisha akachonga. Alipolipachika taruma mahali pake lilikataa kidogo upande mmoja. Akalitoa, akakwangua uzito wa ukucha, akalirudisha. Likakaa.

Nikajikuta nimekaa kimya. Swali la kwanza kwenye mtihani wangu lilikuwa hilo hilo: hamisha pembe kutoka hapa kuipeleka pale. Yeye alikuwa ameandika sufuri.

Kwa nini? Siku hiyo sikuwa na jibu zima, lakini sasa ninayo baadhi yake. Mtihani wangu ulikuwa kwa Kiingereza, kama zilivyo sekondari zetu. Neno la Kiingereza la "pembe" yeye lilimpita kama jina la mtu asiyemjua. Karatasini, pembe ilikuwa mistari miwili inayoelea hewani, haishiki kitu. Pwani pembe ni mahali ambapo maji yataingia ukikosea. Na tofauti ya tatu ndiyo kubwa zaidi: karatasini mimi ndiye niliyemwambia amekosea. Pwani, taruma lenyewe lilimwambia, tena kabla ya madhara, na lilimpa nafasi ya kurekebisha. Mtahini wa mwisho ni maji, na maji hayana upendeleo.

Karatasi ndani ya kikapu

Kazi ilipokwisha mzee akavuta kikapu chake cha zana. Chini ya patasi na keekee akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Ulikuwa mtihani wangu.

"Mwanangu, mie sijui kusoma haya yenu," akasema. "Hapa kwa wekundu umemwandikia nini?"

Kijana alikuwa amesimama pembeni anafuta tezo kwa kitambaa. Hakuinua macho. Nami nikasema: "Nimeandika aongeze bidii kidogo, mzee."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akairudisha karatasi mfukoni na mfuko kikapuni. Nilirudi na mwanafunzi wangu kwa miguu, na njia nzima hatukusemezana.

Waviking na elimu ya mkono

Usiku ule sikulala vizuri, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna mahali duniani ambapo watu wamechukua elimu ya namna hii wakaifanya somo. Nikakutana na Waviking.

Waviking tunawajua kwa sinema: mashoka na ndevu. Lakini wao kwanza walikuwa waunda vyombo. Kati ya karne ya 8 na ya 11, majahazi yao kutoka Denmark, Norway na Sweden yalifika mbali sana, na biashara zao ziligusana na za dunia ya Kiislamu. Mpaka leo, sarafu za fedha za wakati wa Makhalifa wa Abbasi huchimbuliwa Sweden kwa maelfu. Na wakati huo huo, huku kwetu, Unguja Ukuu ilikuwa tayari ni bandari inayofanya biashara na Ghuba ya Uajemi. Kwa hiyo si watu wa dunia nyengine kabisa. Walikuwa ncha moja ya soko ambalo ncha yake nyengine ilikuwa hapa.

Mwaka 1962, kwenye mkono wa bahari karibu na mji wa Roskilde, Denmark, wataalamu walizungushia ukuta sehemu ya maji, wakaikausha, wakatoa mabaki ya vyombo 5 vya Waviking. Vilizamishwa makusudi katika karne ya 11 ili kuwafungia maadui njia. Jumba la makumbusho likafunguliwa hapo mwaka 1969. Wangeweza kuishia hapo: mbao nyeusi nyuma ya kioo, tiketi mlangoni. Lakini walijiuliza swali ambalo kioo hakiwezi kulijibu. Viliundwaje? Vilikwendaje?

Ndipo wakaanza kuviunda upya. Kikubwa kuliko vyote, jahazi la vita la mita 30 hivi ambalo asili yake liliundwa Dublin, Ireland, karibu mwaka 1042, walilirudia kuanzia mwaka 2000 mpaka 2004. Walifuata zana za zamani: mti wa mwaloni ulipasuliwa, haukupasuliwa kwa msumeno, kisha mbao zikachongwa kwa shoka. Kila alama ya shoka iliyobaki kwenye mbao za kale ilisomwa kama herufi. Mwaka 2007 watu wapatao 60 wakalipandisha tanga na kulipeleka mpaka Dublin, mwaka uliofuata wakarudi nalo.

Namna hii ya kujifunza wanaiita historia hai. Si Roskilde peke yake. Lejre, hapo hapo Denmark, tangu mwaka 1964 kuna mahali ambapo watu wanajenga nyumba za kale, wanasuka, wanapika na kulala humo ili wajue maisha yale yalikuwaje. Wanaokwenda si wataalamu tu. Wanakwenda familia nzima na wanafunzi wa skuli. Mtoto anayekata ubao kwa shoka kwa saa moja anajua jambo kuhusu kazi, mti na wakati ambalo ukurasa wa kitabu haumpi.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilifunga simu nikacheka peke yangu. Watu wamekausha bahari na kutumia miaka na miaka ili waulize jahazi liliundwaje. Mie fundi ningeweza kumuuliza kwa mguu, dakika 15 kutoka skuli, na nilichokwenda kumfanyia ni kumdanganya.

Tuwe wakweli lakini: wao hawakuanza na sufuri. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya kuna mafundi ambao hawakuacha kuunda mashua zenye mbao zinazopandiana kama vigae, na mwaka 2021 UNESCO iliuorodhesha ufundi huo kama urithi wa binadamu. Mikono hiyo iliyo hai ndiyo iliyosaidia kuyasoma mabaki yaliyokufa. Hilo ndilo fundisho nililolishika. Mabaki bila ya mafundi ni kuni tu.

Mtepe wetu

Sisi pia tulijaribu. Chombo cha kale cha pwani yetu hakikuwa na msumari hata mmoja. Ni mtepe. Mbao zake zilitobolewa matundu kwa keekee, zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na matundu yakakazwa kwa vigingi vya mti. Tanga lake lilikuwa jamvi la mraba. Mwandishi mmoja wa Kigiriki wa karne ya 1, katika kitabu cha safari za Bahari ya Hindi, anataja vyombo vya kushonwa kwenye pwani hii, na anasema hata mji wa Rhapta ulipata jina kutokana na kushona huko.

Ganda kwanza, mifupa baadaye: mtepe na jahazi la Kiviking vinafanana katika hilo, ingawa wao walibana mbao kwa misumari ya chuma na sisi tulishona. Faida ya kushona ni kwamba chombo hunyumbuka. Kikigonga mwamba au kikipandishwa mchangani hakipasuki upesi. Hasara yake ni kuvuja, na ndani ya mtepe kufua maji ilikuwa kazi isiyokwisha. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa inatoweka katika bahari ya Lamu, ambako ndiko ilikodumu zaidi. Ilibaki picha chache na mifano midogo ya mbao katika makumbusho.

Mwaka 2003 hapa Zanzibar ukaundwa mtepe mzima upya, ukaitwa Shungwaya, kwa jina la nchi ya asili inayotajwa kwenye masimulizi ya watu wa pwani. Ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, katika makumbusho yetu. Waliouunda ilibidi wafanye kama wale wa Roskilde: kutazama picha, kupima mifano, kujaribu. Mlolongo wa fundi na mwanafunzi ulikuwa umeshakatika.

Mie nimezaliwa mwaka huo huo, 2003. Mtepe ule na mie ni rika moja, lakini sikuwahi kuuona. Jumba lilipofungwa kwa ubovu nilikuwa bado skuli ya msingi. Kisha tarehe 25 Disemba 2020, wakati wa matengenezo, sehemu kubwa ya jengo lile la mwaka 1883 ikaanguka na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile tulisimama Forodhani tukitazama vumbi. Sikufikiria mtepe hata kidogo. Sasa nafikiria kwamba elimu ikiwekwa mahali pamoja tu, hata kama mahali penyewe ni jumba la ajabu, inaweza kuanguka na paa.

Kamba ya bibi

Kuna kitu kingine kwenye mtepe kilichonishika. Ni kamba.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Bwejuu. Nilipokuwa mdogo tukenda likizo, nilimkuta yeye na wenzake wakifukia makumbi ya nazi pwani kwenye tope na kuyawekea mawe juu. Makumbi hukaa humo miezi mpaka yalainike. Yakifukuliwa yananuka, nyie! Kisha hupigwa kwa kigongo mpaka zibaki nyuzi, nyuzi zikaoshwa, zikakaushwa, zikasokotwa kwa viganja kuwa kamba. Nilikuwa naona aibu. Nikirudi mjini naoga mara mbili ili wenzangu wasiisikie ile harufu. Mwani ulipoingia vijiji vile mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wengi waligeukia huko, lakini bibi aliendelea kusokota mpaka vidole vikamkatalia.

Huku kwetu kusokota kamba ni kazi ya wanawake. Kwa hiyo tunaposema chombo ni kazi ya wanaume tunasema nusu ya ukweli. Chombo kilichovuka bahari bila ya msumari kilishikwa na kazi ya namna ile ile aliyokuwa akiifanya bibi. Mie niliyesoma Hisabati mpaka chuo kikuu sikuwahi kumuuliza alijuaje nyuzi ngapi zinatosha, wala kwa nini uzi mmoja husokotwa upande huu na kamba nzima upande wa pili. Siku hizi najua: mikazo miwili inayopingana ndiyo inayozuia kamba isifumuke. Nimelijua hilo kwa kusoma. Yeye alikuwa nalo mkononi, na amekwenda nalo.

Siku ya darasa pwani

Wiki ya sita, baada ya kupata ruhusa skuli, nililipeleka darasa langu pwani. Wavulana wakaruka moja kwa moja kwenye chombo. Wasichana, ambao darasani ni zaidi ya nusu, wakasimama mbali, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia hapo pana kazi yao.

Tukapima mkuku. Kila kikundi kwa mikono ya mtu wake, kisha kwa futi kamba. Mikono ilitofautiana, mmoja akapata 17, mwengine 19. Wakaanza kubishana nani kakosea. Mzee akawaambia hakuna aliyekosea, ilimradi mkono ulioanza nao ndio huo huo unaomaliza nao. Ndugu zangu, nilikuwa nimetumia vipindi viwili kueleza kwa nini kipimo lazima kiwe kimoja, na hawakunielewa.

Kisha yule kijana akawaonyesha vijiti vyake viwili. Aliongea kwa Kiswahili, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia darasani, na mie nikawa naandika ubaoni, yaani kwenye kipande cha ubao na mkaa, lile neno kwa Kiingereza pembeni ya neno lake. Msichana mmoja akakaa chini kusokota pamba ya kalafati. Mzee alipoivuta ikawa imelingana toka mwanzo mpaka mwisho. "Hii natia," akasema, na kweli akaitia. Leo iko ndani ya chombo kile, mahali ambapo hakuna atakayeiona.

Maneno ya mzee

Sitaki mfikirie naimba sifa za pwani tu. Nilimwambia mzee kwamba mjukuu wake ana kipaji, abaki hapa afundishwe vizuri. Akanikatisha.

"Usimsifu ukamharibu. Mie najua mbao, sijui karatasi. Siku hizi wanaotaka vyombo wengi ni wa mambo ya utalii, wanakuja na mikataba ya Kiingereza. Namwita mtoto wa jirani anisomee, akikosea nimekosea mie. Na miti mikubwa imekuwa shida. Akibaki na tezo peke yake ataunda mpaka mbao ziishe, halafu?"

Anasema kweli. Bandu bandu huisha gogo. Miti ya kuundia inapungua na boti za faiba zinaongezeka. Wengine wanatafuta njia nyengine: mwaka 2018 mafundi wa Lamu walimaliza Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa kuwa mbao, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri takriban kilomita 500 mpaka hapa Zanzibar. Ufundi ni ule ule wa mkuku na mataruma, kilichobadilika ni mbao. Lakini kufika hapo kulihitaji mtu anayejua tezo na mtu anayejua karatasi. Mzee anataka mjukuu wake awe wote wawili. Kwa hiyo skuli anaitaka kuliko nilivyodhani. Anachotaka ni skuli isiyomrudishia mtoto akiwa mdogo kuliko alivyokwenda.

Ndipo nikamwambia. "Mzee, ile siku uliyoniuliza wino mwekundu, sikukusomea sawa. Nimeandika hajitumi."

Akaendelea kunoa patasi. "Najua. Mtoto alinisomea siku ile ile aliyokuja nayo. Nilitaka kusikia wewe utaisomaje."

Sikuwa na la kusema. Baada ya kitambo akaongeza: "Chombo kikivuja hatukiambii hakijitumi. Tunatafuta panapovuja."

Tufanye nini?

Mtihani wa pili niliuandika kwa lugha zote mbili. Kijana alipata 11 kati ya 20. Si miujiza, na bamvua iliyofuata alikosa tena siku mbili. Lakini safari hii aliniaga kabla, nikampa maswali aende nayo.

Kwa wenzangu ninayo mambo machache. Kwanza, ukifika skuli usianze kuhesabu watoro, uliza walipo. Mwengine yuko pwani, mwengine shambani kwenye karafuu, mwengine jikoni, na kila mahali pana hesabu yake. Simaanishi watoto waachiwe wafanye kazi badala ya kusoma, namaanisha tusijifanye kwamba hawajui kitu. Pili, tupeleke darasa kwa fundi angalau mara moja katika mazoezi yetu. Gharama yangu ilikuwa futi kamba na maji ya kunywa. Tatu, klabu zetu za chuo zikusanye maneno. Hanamu, fashini, taruma, keekee: tulio wengi kampasini tunayajua majina ya vifaa vya maabara kuliko haya. Tukae na mafundi na wasokota kamba tuandike na kurekodi, kwa ruhusa yao na kwa majina yao. Nne, makumbusho yetu yakirudi kusimama, yasiwe na kioo tu. Yawe na gogo, tezo na mtu wa kufundisha, na pembeni yake mwanamke mwenye makumbi, anayelipwa kama fundi.

Siku ya kushua chombo kile ilikuwa wiki yangu ya mwisho, bamvua. Kijiji kizima kilikuja kuvuta, na mie nikashika kamba pamoja na wanafunzi wangu. Maji yalipoupokea mkuku watu walipiga kelele, lakini mzee hakupiga. Aliinama ndani kutazama panapovuja. Palikuwa na majimaji kidogo mbele, kama kawaida mpaka mbao zivimbe. Mjukuu wake akachukua kata akaanza kufua maji, nami nikavua viatu nikapanda kumsaidia.